Barua Kupitia kwa Kampuni

Mwaka 1924 kampuni ya chai ya Brooke Bond iliingia Kenya. Haikupita muda James Finlay nayo ikafika Kericho kupitia African Highlands Produce, na vilima vikaanza kufunikwa na chai. Ardhi hiyo Wakipsigis na ukoo wa Talai walikuwa wamenyang'anywa. Sehemu yake ilitengewa mwaka 1919 maofisa wa Uingereza waliolemazwa na vita, waliojaribu kilimo cha kitani wakashindwa. Vibarua wengi wakatoka mbali, Kisii na kwingineko Nyanza. Mwanamume alivaa kipande, yaani kitambulisho chake cha kazi, shingoni ndani ya kibweta cha bati, akalala kwenye laini, yaani nyumba za safu za kampuni, akala posho ya kampuni. Barua ya mkewe nayo ilipitia sanduku la kampuni.

Haikuwa na njia nyingine iliyo rahisi. Nchini Kenya kwa kawaida barua haipelekwi mlangoni. Husubiri kwenye sanduku la posta, na sanduku lina ada ya kila mwaka. Bahasha ya mchumaji wa chai iliandikwa jina lake, namba yake ya kazi, jina la shamba, kisha kampuni na S.L.P. yake, Kericho. Kabla haijamfikia mwenyewe, ilikuwa imeshashikwa na mtumishi wa posta, dereva, karani na nyapara. Asiyejua kusoma alihitaji mtu mwingine tena wa kumsomea. Habari ya msiba, ya ada ya shule au ya ugomvi wa shamba nyumbani ilifika ikiwa imezunguka mikononi mwa watu wanaoamua nani apewe kazi kesho.

Katiba ya zamani, katika kifungu cha 79, ililinda mawasiliano ya mtu yasiingiliwe. Ulinzi huo ulikuwa mzuri kwenye karatasi, lakini mwenye ufunguo wa sanduku alibaki kuwa mwajiri. Ndiyo maana wengi walitumia sanduku la kanisa, la shule ya msingi au la jamaa mwenye duka mjini. Uamuzi huo haukuwa mdogo: mtu aliyekubali barua yake ichelewe wiki nzima ili isipitie ofisini alikuwa anatetea siri yake kwa uwezo aliokuwa nao.

Intaneti nayo ilianza kwa kubanwa. Mwaka 1995 Shirika la Posta na Simu, KPTC, lilitangaza kwamba huduma hiyo inakiuka sheria. Miaka michache baadaye shirika hilohilo likajenga mkongo wa intaneti ulioitwa Jambonet, na mwaka 1999 likagawanywa, Posta upande wake na Telkom upande wake. Katika mji wa Kericho, kama kwingineko nchini, vijana waliingia saiba, wakalipa kwa dakika na kufungua Yahoo huku foleni ikisubiri nyuma yao.

Simu ya mkononi ndiyo iliyovunja kizuizi. Baada ya huduma ya pesa kwa simu ya M-Pesa kuanza Machi 2007, mchumaji aliweza kutuma pesa nyumbani bila kupanga foleni ya mani oda wala kumwomba ruhusa nyapara. Baadaye Posta ikaleta MPost, namba ya simu ikawa anwani ya barua.

Ofisini, kwenye kompyuta za mwajiri, mambo ni magumu zaidi. Kampuni ina haki ya kulinda mtandao wake dhidi ya virusi na wizi wa taarifa, na karani anayekuta barua pepe yake binafsi imefungwa hutumia bando la simu yake wakati wa chakula. Njia hiyo ni halali na ni bora kuliko kutafuta mwanya katika mtandao wa kazi. Kinachoudhi ni kuchunguzwa kimyakimya. Mwaka 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimpa ushindi Mromania aliyefukuzwa kazi baada ya mwajiri kusoma ujumbe wake wa Yahoo Messenger bila kumwonya vya kutosha. Kenya nayo ina Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010, inayolinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayompa mtu haki ya kuelezwa taarifa zake zinatumiwaje. Kwa mfanyakazi wa chai, maelezo hayo yanapaswa kuandikwa kwa lugha anayoielewa, siku anayotia saini mkataba.