Haki ya Mchana: Vituo vya Kutwa vya Watu Wazima Wenye Ulemavu wa Akili New York

Mnamo mwaka 1948 lilitokea katika gazeti la New York Post tangazo fupi la mama mmoja, Ann Greenberg, akiwauliza kina mama wenziwe waliojaaliwa watoto wenye ulemavu wa akili kama wangependa kushirikiana naye kuanzisha mahali pa kuwalea watoto hao wakati wa mchana. Zama hizo mzazi wa mtoto kama huyo aghalabu alikuwa na njia mbili tu: kukaa naye nyumbani, kwani skuli hazikumpokea, ama kumkabidhi serikalini akae bweni umri wake wote. Walioitika mwito ule waliunda mwaka 1949 jumuiya ijulikanayo kwa herufi za AHRC. Na watoto walipobaleghe, ikadhihirika kwamba haja ya mchana haiishi kwa mtu kuwa mzima, ndipo zikafunguliwa karakana na vituo vya kutwa vya wakubwa.

Waliobaki mabwenini hawakupata bahati hiyo. Willowbrook, bweni la serikali katika kisiwa cha Staten Island, ilikusudiwa watu wapatao 4,000, walakini seneta Robert Kennedy alipoizuru mwaka 1965 ilikuwa imesheheni zaidi ya 6,000, naye akatoka akiilaani hadharani. Januari 1972 tabibu Michael Wilkins, aliyekuwa ameachishwa kazi baada ya kusimama upande wa wazazi, alimpa mwandishi Geraldo Rivera ufunguo, na televisheni ikawaonyesha Wamarekani watu walio uchi, wamejikunja sakafuni penye uchafu, hawana wa kuwashika mkono wala cha kushika. Idhilali ile haikuwa ya njaa na najisi peke yake. Ilikuwa pia ya saa zilizopita pasipo shughuli yoyote, kutwa baada ya kutwa.

Wazazi walishitaki mwaka huo huo, na mwaka 1975 ikafikiwa suluhu iliyothibitishwa na jaji Orrin Judd. Miongoni mwa masharti yake, mbali na kuwahamishia wakazi katika nyumba ndogo ndogo mitaani, kila mmoja alistahiki saa sita za mafunzo na shughuli kila siku ya kazi. Hivyo jambo lililoanza kwa hisani ya wazazi likageuka kuwa haki iliyolindwa na mahakama.

Lakini je, hao waliodhaniwa hawafundishiki wangefundishwa nini? Jawabu alikuwa nalo mtafiti Marc Gold wa Illinois, ambaye mwaka 1972 alitangaza jinsi vijana wa karakana, baadhi yao wenye ulemavu mkubwa, walivyojifunza kuunga breki ya baiskeli yenye vipande 24. Aliigawanya kazi hatua kwa hatua, akapaka rangi upande wa kipande uliotakiwa kumwelekea mwanafunzi, akapunguza maneno. Na mtu akikosea huambiwa tu ajaribu njia nyingine. Kwa Gold, mwanafunzi asipoelewa, taksiri ni ya mwalimu.

Vivyo hivyo, katika kituo cha kutwa cha watu wenye ulemavu mkubwa, somo lenyewe huweza kuwa kijiko: kukishika, kukifikisha kinywani, kumeza chakula kilichosagwa pasipo kupaliwa. Asiyesema hufundishwa kugusa picha ya kikombe apewe maji, na mtumishi mwenye subira humngojea badala ya kumkisia.

Willowbrook ilifungwa mwaka 1987, lakini mjadala haukufungwa. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Olmstead, iliamua kwamba kuwatenga walemavu pasipo sababu ni ubaguzi, na kanuni za serikali kuu za mwaka 2014 zikataka huduma za mitaani zinazolipiwa na Medicaid, mpango wa serikali wa kugharimia matibabu ya wasio na uwezo, ziwachanganye na jamii. Wapo basi wanaouliza kama kituo ambamo walemavu huonana na walemavu wenzao tu si utengano ule ule. Na wapo wazazi wakongwe wanaochelea kwamba kikifungwa kabla ya badali kupatikana, mtoto wao wa miaka hamsini atarudi kukaa bure nyumbani. Wote wana hoja. Dhulma ya Willowbrook haikuwa kuta zake tu, bali pia utupu uliokuwamo ndani yake, na utupu huweza kukaa hata katika nyumba nzuri ya mtaani. Kwa hiyo kila badali inayopendekezwa yafaa ipimwe kwa zile saa sita: nani atakuwa na mtu huyu, na atamfundisha nini.