Jumatatu ya Tufani, 1872

Usiku wa kuamkia Aprili 15. Bandarini Unguja, majahazi yametia nanga ubavu kwa ubavu, penye kina kifupi. Kamba ni zilezile za kila siku. Wenye vyombo wanaamini tufani ni balaa la Bukini (Madagaska) na Morisi, haifiki huku.

Bara, penye milima ya Kilosa, msafara umekwama. Mto Mkondoa umefurika, na mbuga ya Mkata, upande wa Mikumi, imekuwa ziwa. Mmoja wa wapagazi ni kijana aliyevuka mto siku chache nyuma, maji yakimfika kifuani, sanduku la barua kichwani. Ng'ambo, bwana wake, mkuu wa msafara, alimwelekezea bastola: likianguka, risasi. Alivuka nalo. Mikono ile inastahili kukumbukwa kabla ya barua zenyewe.

Asubuhi. Upepo unazidi. Kamba zinakatika. Chombo kinachochomoka kinakigonga jirani yake, na vyote viwili vinaburutwa hadi mwambani. Meli za sultani zinazama mbele ya nyumba za mji. Walioshika mbao, wengine wanatupwa ufukweni. Wengine hawaonekani tena.

Mchana. Upepo unakatika ghafla. Watu wanatoka kutafuta ndugu zao. Shwari hiyo ndiyo inayouma kuliko vishindo vyote, kwa kuwa ni nusu tu ya tufani. Upepo unarudi, safari hii kutoka upande mwingine, na kuwakuta nje.

Jioni. Bandarini imesalia meli moja ya moshi. Theluthi mbili ya minazi ya Unguja iko chini, na mikarafuu nayo imelala. Bagamoyo, majengo ya misheni ni vifusi.

Mwisho wa Aprili. Masika bado yanaendelea. Usiku mmoja Mto Ngerengere unashuka kwa ngurumo, watu wakiwa usingizini. Vijiji vinakwenda na maji. Simbamwene, Morogoro ya leo, ukuta wa mbele na nyumba zipatazo 50 hazipo.

Mei. Pemba, iliyonusurika, ndiyo itakayobeba karafuu miaka inayofuata. Mabaharia waliobaki hawasemi tena kwamba tufani haifiki. Na wapagazi wanaingia Bagamoyo, matope yamekaukia miguuni. Walikaa siku kumi mlimani, mizigo chini, wakingoja maji ya Mkata yapungue.