Kutoka Baragumu hadi Kamera: Zana na Mbinu za Kuvuruga Uwindaji wa Mbweha nchini Uingereza, 1963–2022

1.0 Utangulizi

Historia ya mvutano kuhusu uwindaji wa mbweha nchini Uingereza huandikwa zaidi kwa kufuata mijadala ya Bunge. Makala haya yanaifuata kupitia zana walizobeba wanaharakati waliokwenda mashambani kuuvuruga. Hoja kuu ni kwamba zana hizo zilibadilika kadiri sheria ilivyobadilisha jibu la swali moja: ni nani, kati ya mwindaji na mvurugaji, anayefanya jambo halali? Baragumu lilikusudiwa kumwokoa mnyama papo hapo. Kamera hukusudiwa zaidi kumthibitishia hakimu. Mpito huo unawahusu wote wanaoandika sheria na kuzishauri serikali.

2.0 Uwindaji kama Mfumo wa Ishara

Katika uwindaji huu, anayemsaka mbweha si mpanda farasi bali ni kundi kubwa la mbwa wanaofuata harufu. Mwongozaji wa mbwa huwaamrisha kwa sauti yake na kwa baragumu fupi la shaba, lisilofikia sentimita 30. Kwa kuwa baragumu hilo halina upana wa noti, maana hubebwa na mapigo. Mapigo ya haraka huwaambia mbwa kwamba mbweha ametoka kichakani. Mlio mrefu huwaita warudi. Mbwa huzijua pia kelele za wasaidizi, makemeo na mlio wa mjeledi. Kabla ya siku ya uwindaji, ilikuwa desturi kuziba mashimo ya mbweha ili akose pa kukimbilia.

Mfumo unaotegemea ishara kiasi hicho una udhaifu wake: anayezijua ishara anaweza kuzitumia kinyume.

3.0 Zana za Kuingilia Kati, 1963–1993

Shirika la League Against Cruel Sports, lililoanzishwa mwaka 1924, lilitegemea zaidi ushawishi wa umma na wa Bunge. Mwaka 1963, mwanahabari John Prestige alianzisha Hunt Saboteurs Association mjini Brixham, Devon, kwa msimamo kwamba mnyama anayefukuzwa leo hawezi kungoja kura ya kesho. Wanachama walianza kazi mwezi Desemba mwaka huohuo, na miongoni mwa mbinu zao za awali ilikuwa kuwalisha mbwa nyama ili waache msako.

Mbinu zilizofuata zilijengwa juu ya maarifa ya wawindaji wenyewe. Mvurugaji alijifunza kupuliza baragumu na kuiga sauti ya mwongozaji ili awaite mbwa upande mwingine. Alinyunyiza mafuta ya sitronela, ya jamii ya mchaichai, mahali alipopita mbweha ili kuifunika harufu yake. Alipiga mjeledi hewani kuwasimamisha mbwa, na alifukua mashimo yaliyozibwa. Ramani za kina na redio za mawasiliano zilimwezesha kukisia mbweha angeelekea wapi, kwani aliyefika nyuma ya mbwa alikuwa amechelewa. Baadaye kulitumika pia vipaza sauti vilivyocheza milio ya mbwa iliyorekodiwa.

Ushindani huu haukuwa mchezo. Mwaka 1991 kijana wa miaka 18 alifariki huko Cheshire, na mwaka 1993 mvulana wa miaka 15 alifariki huko Cambridgeshire, wote wawili katika matukio yaliyohusisha magari ya misafara ya uwindaji.

4.0 Neno “Halali” katika Sheria ya 1994

Kuingia katika ardhi ya mtu bila idhini, kwa kawaida, lilikuwa shauri la madai tu. Sheria ya Haki ya Jinai na Utulivu wa Umma ya mwaka 1994 ilianzisha kosa la jinai kwa anayeingia hivyo na kukusudia kuzuia au kuvuruga shughuli halali. Kwa kuwa uwindaji ulikuwa halali, kupuliza baragumu kuliweza kumfikisha mtu kizimbani.

Hata hivyo, si kila neno la sheria lilistahimili uchunguzi. Wavurugaji wawili waliopuliza baragumu na kupiga kelele huko Dorset mwaka 1993 walitakiwa na mahakama kuwa na mwenendo mwema. Mwaka 1999, katika shauri la Hashman na Harrup, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba agizo hilo halikuwa na uwazi wa kutosha kumwezesha mtu kujua anakatazwa nini. Aidha, ilikubali kwamba kitendo chao, ingawa kilivuruga uwindaji, kilikuwa njia ya kueleza maoni.

5.0 Sheria ya 2004 na Ujio wa Kamera

Sheria ya Uwindaji ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika England na Wales tarehe 18 Februari 2005, ilipiga marufuku kuwinda wanyamapori kwa mbwa, isipokuwa kwa masharti maalumu. Neno “halali” likageuka. Hata hivyo, vyama vya wawindaji viliendelea kutoka na mbwa, vikieleza kwamba vinafuata harufu iliyowekwa na binadamu. Mbwa walewale na baragumu lilelile sasa vilibeba maana mbili, na tofauti ilikuwa katika nia.

Nia haionekani kwa macho, ila huthibitishwa kwa ushahidi. Ndipo kamera za mkononi, na baadaye droni, zilipopata uzito zaidi. Mwaka 2020 wanaharakati walifichua rekodi za mikutano ya mtandaoni ya viongozi wa uwindaji. Kiongozi mmoja alitiwa hatiani mwaka 2021, lakini mwaka 2022 rufaa yake ilikubaliwa. Maneno yaleyale yalifasiriwa kwa namna mbili na mahakama mbili.

6.0 Hitimisho

Baragumu halikutoweka mashambani, lakini halitoshi tena. Marufuku inayoegemea nia huhamishia mzigo wa uthibitisho kwa mashahidi, na pale dola isipokuwa na mashahidi wa kutosha, raia hujitwalia kazi hiyo, pamoja na hatari zake. Kwa watunga sera, funzo ni kwamba kabla ya kupitisha katazo, ni lazima kuuliza ni nani atakayeweza kulithibitisha, na kwa zana gani.