Taa ya freni ikiwaka kwenye tablo: namna ya kujua kama ni kapteri ya presha

Bunia iko kwenye kimo cha zaidi ya mita 1200. Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, iko kwenye mita kama 620 tu. Gari inayopita Bogoro na kuteremka mpaka ziwani inapoteza zaidi ya mita 500 za kimo, mara mingi ikiwa imejaa watu na mizigo. Kwenye muteremko kama huo, kila shofere anapaswa kujua taa ya freni inasema nini.

Kapteri ya presha ni kifaa kidogo kinachopima nguvu ya mafuta ya freni wakati mguu unakanyaga pedali. Inapeleka hesabu hiyo kwa kompyuta ya ABS, ile inayozuia magurudumu yasikwame na gari isiteleze. Kwenye gari zingine imefungwa kwenye masta silinda. Kwa zingine iko ndani ya bloki ya ABS yenyewe.

Rangi ya taa kwanza

Taa ya njano (ABS, au ile ya gari inayoteleza) mara nyingi inamaanisha kompyuta imezima musaada wake. Freni za kawaida zingali zinashika, lakini kwenye matope gari inaweza kuteleza.

Taa nyekundu ni hatari. Angalia kama freni ya mukono imeachiliwa. Kama imeachiliwa na taa ingali inawaka, simama. Baadhi ya Land Cruiser na Prado zina pampu ya umeme inayosaidia freni: taa nyekundu ikiwaka pamoja na ya ABS, na mulio usiokatika, presha ya musaada imeshuka. Pedali itakuwa nguvu sana kukanyaga. Usiendelee na safari.

Pedali inayozama mpaka chini, au laini kama sifongo, hiyo si kapteri. Ni hewa ndani, mafuta yanayovuja, ao masta silinda iliyochoka.

Kabla ya kununua piesi

1. Angalia mafuta ya freni. Yakiwa chini, tafuta yanavuja wapi ao kama plaketi zimeisha. Ongeza aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi DOT 3 ao DOT 4. Mafuta ya moteri hapana: yanaharibu mipira yote ya freni. Kwenye gari yenye pampu ya umeme, zima kontakti na kanyaga pedali mara 40 kwanza, ndipo usome kipimo.

2. Mutu mumoja akanyage pedali, mwingine aangalie taa za nyuma. Zikikosa kuwaka, ao zikibaki zinawaka bila mguu, swichi ya pedali inaweza kuwa imekufa. Kompyuta ikiona presha bila kuona pedali, inaweza kulaumu kapteri ambayo iko muzima.

3. Soma kodi kwa skana inayoingia kwenye ABS. Vifaa vingi vya bei ndogo vya kuunganisha na simu vinasoma moteri tu. Vikisema hakuna kosa, usiamini kwamba freni ziko sawa. Kwenye Toyota nyingi, kodi C1246 inahusu kapteri ya presha ya masta silinda. Lakini kodi inaonyesha njia ya umeme yenye shida: inaweza kuwa kapteri, waya ao plagi.

4. Chomoa plagi ya kapteri, kontakti ikiwa imezimwa. Vumbi, matope na maji ya kuoshea gari vinaleta kutu ya kijani kwenye pini. Safisha, kausha, rudisha, kisha futa kodi na ujaribu tena.

5. Pima waya. Kapteri nyingi zina waya tatu: volti 5 za kuingia, masi, na ishara. Volti 5 zikikosekana ao masi ikiwa mbaya, shida iko kwenye waya ao kompyuta.

6. Angalia presha kwenye skana, gari ikiwa imesimama. Bila mguu, hesabu iwe karibu na sufuri. Ukikanyaga polepole, ipande polepole, ukiachilia, irudi. Kwa kapteri nyingi ishara inaanza karibu na volti 0,5 na kupanda kuelekea 4,5. Kama waya ziko sawa na hesabu inaruka, inaganda, ao inaonyesha presha kubwa bila mguu, hapo kapteri njo yenye kosa.

Kisha kubadilisha

Kama kapteri imefunguliwa kwenye njia ya mafuta, lazima hewa itolewe kwenye freni. Gari nyingi zinaomba pia fundi aweke sufuri upya kwa skana. Bila hiyo taa itarudi hata kama piesi ni mupya. Piesi ya okazyo ipimwe kwanza, na namba yake ilingane na ya zamani.

Kutoa ampuli ya tablo ili taa isionekane si matengenezo. Anayenunua gari iliyotumika afungue kontakti: taa za freni na ABS zinapaswa kuwaka, kisha kuzimika zenyewe. Isiyowaka kabisa inaweza kuwa imekatwa makusudi.

Kama ni taa ya njano tu na pedali iko nguvu kama kawaida, peleka gari garaji polepole, acha nafasi kubwa mbele, na kwenye muteremko tumia vitesi vya chini. Muteremko wa Bogoro ungoje mpaka gari itengenezwe.