Mwekezaji Huwajibika kwa Nani?

Hadi 2012 Mpanda ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa, ambao makao makuu yake ni hapa Sumbawanga. Kwa hiyo kisa cha AgriSol ni chetu pia.

Mwaka 2010 kampuni hiyo, iliyoongozwa miongoni mwa wengine na tajiri wa Iowa, Bruce Rastetter, iliingia makubaliano na Halmashauri ya Wilaya ya Mpanda kuhusu ardhi ya Katumba na Mishamo, makazi ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mwaka 1972. Hayakuwa vijiji vilivyosajiliwa. Hapakuwa na mkutano mkuu wa kijiji wa kusema hapana.

Je, nani aliwajibishwa? Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, mshirika wa mradi, kilijitoa 2012. Rastetter, mjumbe wa bodi inayosimamia chuo hicho, alilalamikiwa kwa mgongano wa maslahi, lalamiko likatupwa. Mwaka 2013 akawa mwenyekiti wa bodi hiyo hiyo. Mradi ulikwama, lakini wakazi walisubiri vyeti vya uraia hadi 2014, wasijue kama watahamishwa.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Naona nyasi huumia hata tembo wakipatana.