Mashua Iliyobebwa Mabegani Hadi Karagwe

Anayesimulia vyombo vya matanga vya Ziwa Viktoria huanzia Kagei, upande wa Mwanza, akamalizia Bukoba. Karagwe hairukwi bure. Hurukwa kwa kuwa iko milimani. Naona hilo ni kosa kubwa, maana katikati ya karne ya 19 shehena nyingi ya magharibi ya ziwa ilipitia Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya Mukama wa Karagwe.

Kafuro ilikuwa bandari kavu. Misafara ya Waarabu na Waswahili ilipanda kutoka Tabora na nguo, shanga na waya, ikanunua pembe za ndovu. Wafanyabiashara wa Tabora hawakuwa wapita njia tu: mmoja wao, Musa Mzuri, aliingilia ugomvi wa urithi wa kiti cha Mukama na kumsaidia Rumanyika kumshinda ndugu yake, Rogero. Wapelelezi Waingereza Speke na Grant walipowasili Novemba 1861, Rumanyika aliwapokea kwa ukarimu, na Januari 1862 Speke akavushwa kwa mtumbwi kwenye mto Kagera, pale Kitangule, akielekea Buganda.

Kisha ikaja mashua yenyewe. Lady Alice iliundwa Teddington, Uingereza, na James Messenger, kwa mbao za mwerezi, urefu futi 40, ikagawanywa vipande. Novemba 1874 wapagazi wa mpelelezi Stanley waliitwika kutoka Bagamoyo, na Machi 1875 ikatweka tanga Kagei na kulizunguka ziwa zima. Wasomaji wengi hulijua hilo. Kinachosahaulika ni kwamba wapagazi waliibeba tena, wakapanda nayo hadi Karagwe.

Machi 1876 ilishushwa kwenye ziwa dogo chini ya Bweranyange, lile ambalo Speke aliliita Windermere. Rumanyika akateremka ufukweni na watu wake, na mitumbwi ya Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, ikashindana nayo makasia. Siku hiyo ningependa kila mtoto wa Karagwe aijue, kwani mafundi wa mitumbwi hawakuwa watazamaji wa maajabu ya mgeni. Ziwa lilikuwa lao. Stanley aliingia baadaye kwenye mafunjo ya Kagera, na mwaka 1877 akaitelekeza mashua hiyo Isangila, kwenye maporomoko ya Kongo.

Kafuro nayo ilififia. Majahazi, kama lile la mfanyabiashara Songoro aliyekuwa Kagei, yalifungua njia ya majini kwenda Buganda, na mlima ukakosa faida. Mwaka 1890 Emin Pasha akaanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, ufukweni. Juni 1915 Waingereza wakakishambulia wakitokea Kisumu kwa meli. Meli za moshi zilichukua nafasi ya matanga, lakini aliyezijazia mizigo alibaki mkulima wa kule juu. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na kahawa ya wilaya zote mbili imekuwa ikiteremkia bandari za Bukoba na Kemondo.