Magadi ya Misri na Mshale wa Kurudi

Julai 1798 Napoleon Bonaparte aliteremka Misri na jeshi lake, na nyuma ya jeshi wasomi zaidi ya 150. Mmoja wao alikuwa mkemia Claude Louis Berthollet. Jamaa huyu ndiye aliyewaonyesha Wafaransa kung'arisha vitambaa kwa klorini, kwa hivyo ile Jik iliyo bafuni kwako ni kama mjukuu wake.

Mwanzoni mwa 1799 akafika Wadi el Natrun, maziwa ya chumvi jangwani, kaskazini-magharibi mwa Cairo. Ukingoni kulikuwa na ganda jeupe la magadi. Ndiyo, magadi, kama ya ziwa letu kule Kajiado, ile shosho hutupia kwenye githeri iive haraka. Wamisri walikuwa wameivuna kwa maelfu ya miaka, wakiitumia kukaushia maiti za wafalme. Hawakumhitaji Mfaransa awaonyeshe iko wapi.

Kilichomsumbua Berthollet ni kwamba ilikuwepo kabisa. Maabara ya Paris ilijua hivi: changanya maji ya magadi na kloridi ya kalsiamu, chokaa itatuama chini na chumvi ya kawaida itabaki ndani ya maji. Wakemia waliamini njia ni hiyo moja tu. Vitu hupendana kwa daraja, anayependwa zaidi anachukuliwa, kesi imefungwa. Sasa hapa ziwani kuna chumvi tele, mawe ya chokaa tele, na ni magadi inayotoka! Mshale umegeuka.

Jibu lake lilikuwa wingi. Chumvi ikizidi mno, na magadi ikiendelea kutoka majini na kukauka ukingoni, mmenyuko husukumwa kurudi nyuma. Wanajiolojia wa leo wana maelezo marefu zaidi kuhusu magadi ya pale, sawa, lakini wazo lenyewe lilikuwa zito: kupendana peke yake hakuamui, idadi pia inaamua. Alilisoma mbele ya wenzake Cairo mwaka huo huo, na 1803 akalitolea kitabu.

Halafu akavuka mpaka. Akadai hata viambajengo vya kitu kimoja vinaweza kuchanganyika kwa viwango vyovyote. Joseph Louis Proust akampinga miaka kadhaa, na Proust alikuwa sahihi. Watu wakatupa hoja zote mbili pamoja, mbovu na nzima. Mimi hapa ndipo huudhika.

Ikabidi kungoja hadi 1864, Norway, ambapo mashemeji wawili, Cato Guldberg na Peter Waage, waliipa hoja ile nzima hesabu zake. Sasa ungeweza kueleza hata chumvi iliyotulia chini ya glasi ya maji yaliyoshiba: haijalala, chembe zinaondoka na nyingine zinarudi kwa kasi ile ile. Lakini waliandika Kinorwe, na nje ya kwao karibu hakuna aliyesoma. 1867 wakaandika tena kwa Kifaransa, bado kimya. Ilipofika 1879 wakaandika kwa Kijerumani, na hapo ndipo Ulaya ikasikia.